Pombe ya Kesi

Siku tuliyomzika mdogo wangu, baba alisimama mbele ya waombolezaji akasema binti yake aliharibiwa na makundi mabaya ya mjini. Alikuwa mzee tayari, anajishikilia kwa mkongojo, na watu walimwonea huruma. Wanaume walitikisa vichwa. Wanawake walisema jamani, mji huu, mji huu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nikauma ncha ya khanga yangu mpaka ikatoboka. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Heshima hiyo inanichoma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Hakuna kundi lolote la mjini. Mdogo wangu alifika shule ya mjini akiwa anajua pombe kuliko wanaume wengi wa rika la baba. Alijifunzia nyumbani kwetu, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili zao, nao walimpigia makofi. Alipokufa hakuwa amefika miaka thelathini na mitano, tumbo limemvimba na macho yamekuwa manjano, na baba bado alikuwa anatafuta wa kumlaumu.

Tulizaliwa Chemchem, mjini Tabora, baba alipokuwa anafanya kazi relini. Tulipanga vyumba viwili kwa fundi mmoja mzee, mshona kanzu, Mwislamu wa zile familia zilizokaa mjini tangu zama za misafara. Mzee yule hakutaka hata harufu ya pombe uani kwake. Baba alikunywa huko huko alikonywea, akarudi akipita ukutani kimya kimya kama mtoto aliyevunja sahani. Sisi tulijua amelewa kwa sababu siku hizo alikuwa mpole na alitununulia visheti kwenye duka la Mhindi. Hiyo ndiyo miaka mizuri niliyonayo kichwani. Ilikuwa mizuri kwa sababu palikuwa na mtu mmoja ambaye baba alimwonea haya.

Kisha akamwaga unga. Alikutwa amelala kazini, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu wakachoka naye. Ilikuwa wakati ule watu wanahimizwa kwenda vijijini kulima kwa pamoja. Baba akaenda kwenye mkutano wa mtaa, akasimama, akasema yeye ameacha kazi kwa hiari yake ili aitikie mwito wa taifa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamshika mkono na kumwita mfano wa kuigwa. Mama alikuwa amekaa nyuma amenibebesha mdogo wangu mgongoni, akatazama chini. Alijua ukweli wote na hakusema hata nusu yake. Mama yangu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinichosha.

Tulipakiwa kwenye lori na masufuria yetu tukapelekwa kijiji kipya, mbele ya Ntalikwa, nyumba zimepangwa mistari miwili kama askari. Baba alikuwa anajua kusoma vizuri na kusema vizuri zaidi. Jioni aliwasomea watu gazeti, akaeleza siasa ni kilimo, akaeleza adui wetu ni nani na nani. Haukupita mwaka wakamchagua balozi wa nyumba kumi. Ukitaka kusafiri, unamwendea baba akuandikie barua ya utambulisho. Ukigombana na jirani, unamwendea baba. Alitia sahihi yake kwa madaha, na mkia mrefu chini, kila mtu kijijini aliijua.

Sasa kesi. Mbuzi wa huyu kala mahindi ya yule, mke wa huyu kamtukana mama wa yule, wawili wameshikana mashati shambani. Wazee wa kule walikuwa na desturi yao tangu zamani: aliyekosa analeta mtungi wa wanzuki, pombe ya asali, wote wanakunywa pamoja, ugomvi unazikwa. Sina neno na desturi hiyo. Nimeona watu waliokuwa hawasalimiani wakicheka pamoja baada ya mtungi mmoja. Lakini baba aliipenda desturi hiyo mapenzi ya ajabu kwa mtu aliyelelewa mjini. Kesi ambazo zingeisha kwa kupeana mikono aliziburuza mpaka zikapata mtungi. Asiyekuwa na kosa aliulizwa maswali mpaka akawa nalo. Nyumba yetu ilikuwa haikauki pombe, na mtu akiuliza, baba alijibu kwa uso mkavu kwamba hiyo ni kazi ya umma.

Na kulikuwa na desturi ya pili, ambayo ndiyo iliyotumaliza. Pombe inayoletwa mbele ya wageni lazima mtu wa nyumba hiyo aionje kwanza, ili kila mmoja aone haina sumu. Nyumba nyingine mwenye nyumba mwenyewe alionja, au mkewe. Baba alisema balozi hawezi kuonja, ataonekana ana haraka. Mama alikuwa kila mara jikoni au shambani. Basi kazi hiyo nilipewa mimi, mtoto mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilichota kwa kata, nikapiga goti, nikameza funda moja mbele ya wanaume, kisha nikampa mkubwa wao kuliko wote.

Niliichukia. Sitaki mtu anisifu, sikuichukia kwa sababu ya maadili. Ilinikwaruza koo na kunitia kichefuchefu, na mara moja niliitema miguuni kwa mgeni, baba akanichapa. Siku iliyofuata nilimwita mdogo wangu nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka saba, ameng'oka meno mawili ya mbele. Nikamwambia, "Wewe nenda ukaonje badala yangu, na mimi nitakutekea maji yako yote."

Akauliza, "Yote? Hata ya kesho?"

"Hata ya kesho."

Akafurahi. Njia ya kisimani ilikuwa ndefu. Nilimtekea maji kwa miaka sita, sikukosa hata siku moja, na nilijiona dada mwema.

Ikaonekana ana kipaji. Wiki chache tu na alikuwa anajua pombe iliyotiwa maji, pombe ya jana na ya juzi, asali ya mwanzo wa msimu na ya mwisho. Kisha akaanza kutaja mpishi. Wanaume walikuwa wanamwekea kata tatu, wanamfumba macho kwa kitambaa, wanamwita mama kwa Kinyamwezi, "Haya mayu, tuambie, hii ya nani?" Alimeza, akainamisha kichwa, akataja jina la mama fulani wa mstari wa pili, na hakukosea. Makofi! Vicheko! Baba alimpakata, akawaambia wageni kwamba mtoto huyu atakuwa mkemia. Watu walitoka vijiji vingine kuja kumwona. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuja. Bwana shamba alikuja. Hakuna mmoja kati yao, narudia, hakuna hata mmoja, aliyeuliza funda ngapi zinaingia kwenye tumbo la mtoto wa miaka saba kabla hajafika kwenye jibu. Siku nyingine alitoka pale akitembea upande, wakacheka zaidi. Nami nilicheka.

Nilimwambia mama mara moja tu. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikasema, "Mama, mdogo wangu analewa."

Mama hakuacha kupepeta. "Baba yako anafanya kazi ya watu," alisema. "Usimharibie jina lake."

Jina lake! Tulikuwa na jina moja tu la kulinda katika nyumba ile ya watu wanne.

Gongo ilikuwa marufuku, na balozi alipaswa kuwakamata wapikaji wake. Baba aliwakamata kwa bidii. Chupa alizonyang'anya alizihifadhi chini ya kitanda chake na kuziita ushahidi, zikisubiri kupelekwa kunakohusika. Hazikupelekwa popote. Ushahidi ulipungua wiki hadi wiki, na baba alimwambia mama kwamba kitu kile hukauka chenyewe kwa joto. Mdogo wangu alipofika miaka kumi na moja naye alianza kuukausha. Alichota kwa kizibo cha soda, akajazia maji. Baba alipoonja na kukuta imepoa, aliwatukana wapikaji kwa wizi wao. Nilimfumania siku moja mchana, amelala kifudifudi chini ya kitanda cha baba, miguu nje. Nikamvuta. Akaniambia bila hofu yoyote, "Dada, nisipoionja mikono inanitetemeka. Siwezi kuandika vizuri."

Na kuandika alikuwa anaandika. Hilo ndilo linaloniua. Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki kulima, kama karibu wote. Yeye alifaulu. Katika kijiji kizima walichaguliwa wawili kwenda sekondari, mvulana mmoja na yeye. Shule yake ilikuwa mjini, ya bweni, na ilimaanisha kwamba angeweza kuwa nesi, mwalimu, karani wa ofisi yenye feni, chochote kile isipokuwa kuwa kama mimi. Kijiji kilimfanyia sherehe. Unajua walisherehekea kwa kitu gani. Mitungi minne, na yeye mwenyewe akaitwa kuionja yote.

Aliondoka na sanduku la bati lililopakwa rangi ya buluu na baba. Nilijiambia shuleni hakuna mitungi, atapona. Niliamini hivyo kabisa. Muhula wa kwanza ulipita. Katika muhula wa pili ikaja barua.

Alikuwa ameanguka mstarini asubuhi, wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Walidhani ni malaria, wakampeleka kupumzika, wakakuta kwenye godoro lake chupa ya dawa ya kifua ambayo haikuwa na dawa ya kifua. Barua ilimwita mzazi aje bila kukosa. Baba alinyoa ndevu, akavaa shati lake la mikutano, akanipakiza kwenye baiskeli ili nikamsaidie mdogo wangu kufungasha endapo mambo yataharibika. Njia nzima alikuwa anatunga hotuba kwa sauti. Ilihusu vijana na nidhamu. Nilikuwa nyuma yake, upepo unaniletea pumzi yake, na ilikuwa bado saa mbili asubuhi.

Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa viti. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya kabati, sare safi, amekonda. Baba akaanza hotuba. Mkuu wa shule alimsikiliza kidogo, kisha akainua mkono kwa adabu na kumgeukia mdogo wangu.

"Mwambie baba yako ulichoniambia jana. Ulianza lini?"

Mdogo wangu alitazama sakafu. "Sijui, mwalimu. Sikumbuki wakati ambao nilikuwa sinywi."

"Mwongo huyo!" alisema baba.

"Mzee, huyu ni wa tatu darasani kwake," alisema mkuu wa shule. "Kwa kosa hili natakiwa kumfukuza leo hii. Sitaki. Nimeongea na wenzangu, tumekubaliana abaki, kwa sharti moja." Akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba mzazi anaahidi mtoto akiwa likizo hatatumwa pombe, hataonjeshwa pombe, na hatakaa katika nyumba yenye pombe. Mistari mitatu na nafasi ya sahihi. Akaweka kalamu juu yake. "Ukitia sahihi hapa, sasa hivi anarudi darasani."

Baba aliisoma. Nilimwona anaisoma mara ya pili. Mtu huyu alikuwa ametia sahihi barua za kila mwenye safari, kila mwenye mgeni, kila aliyepoteza baiskeli. Alimtilia sahihi mwizi mmoja wa kuku ili akatafute kazi Kigoma. Nilianza kuinuka kwenye kiti nikidhani imekwisha, kilichobaki ni mkia ule mrefu chini ya jina.

"Nikitia sahihi," alisema baba, "nimekubali kwamba nyumbani kwangu kuna pombe."

"Kwani haipo?"

"Nyumbani kwangu hakuna pombe. Ile ni pombe ya kesi."

Mkuu wa shule alivua miwani. Akamwambia kwa upole ule ule kwamba basi kuna njia nyingine: likizo zote mtoto akae kwake mwalimu mwenyewe, pamoja na wanawe, bila karatasi yoyote. Baba akasimama. Alisema mtoto wake si yatima. Alisema yeye ni kiongozi, ameitikia mwito wa taifa kabla ya wengi waliokaa kwenye viti mjini hapo, na hatakubali kuandikwa mlevi na mwanamke.

Nilisema, "Mwalimu, nitatia sahihi mimi. Nitamlinda mimi."

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na minane." Nilikuwa na kumi na saba.

"Lazima awe mzazi," alisema, na nadhani ilimuuma hata yeye.

Baba akaisukuma kalamu kwa kidole kimoja mpaka ikafika upande wa pili wa meza. Mdogo wangu aliifuata kalamu ile kwa macho. Hakulia, hakuomba. Alikuwa anajua baba yetu kuliko sisi wote, maana alikaa naye karibu zaidi. Tukaenda bwenini kufungasha.

Tulirudi kwa miguu, baba anasukuma baiskeli, sanduku la buluu limefungwa kwenye keria, mdogo wangu bado kavaa sare kwa sababu nguo nyingine zilikuwa ndani. Jua lilikuwa la utosi. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na Ntalikwa, ambapo palikuwa na kilabu cha pombe, banda la nyasi na magogo ya kukalia. Baba akaegemeza baiskeli. Nilidhani tunapumzika kivulini.

Akaagiza. Akanywa kopo la kwanza bila kushusha, na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya kweli. "Wamenidhalilisha," alisema. "Mbele ya wanangu." Mwenye kilabu akampa pole. Baba akafuta uso, akamtazama mdogo wangu kwa mapenzi, mapenzi kabisa, sitamsingizia hata kwa hilo. Akajaza kopo la pili akampelekea.

"Kunywa, mwanangu. Na wewe umepata aibu kubwa leo."

Mdogo wangu alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba." Akanywa lote.

La tatu lilikuwa langu. Nililipokea, nikalimimina chini, miguuni kwa baba. Baba akaniita mshenzi asiye na shukrani. Nilifungua kamba za sanduku, nikalitwika kichwani. "Inuka twende," nilimwambia mdogo wangu.

Alikuwa amejikalia kwenye gogo karibu na baba. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. "Tangulia dada, nakuja."

Ningeweza kumshika mkono. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa na uzito wowote, ningeweza kumbeba yeye na kuliacha sanduku. Lakini nilikuwa nimemkasirikia. Nakubali hapa kwa maandishi yangu mwenyewe: dakika ile sikumkasirikia baba, nilimkasirikia yeye, kwa lile goti, kwa ile ahsante, kwa kuipoteza nafasi ambayo ningekata mguu wangu kuipata. Nikaondoka. Nilitembea kwa nguvu huku nasema peke yangu maneno yote niliyopaswa kumwambia baba mle ofisini, moja baada ya jingine, kwa sauti, na yalikuwa maneno mazuri. Vitabu vyake vilikuwa vinagongana ndani ya sanduku juu ya kichwa changu.

Nilipofika kwenye mashamba ya tumbaku hasira ilikuwa imepungua kidogo. Nikatua sanduku nikageuka kumngoja. Barabara ilikuwa imenyooka, naiona mpaka mbali kabisa, na hakuna aliyekuwa anakuja.